Kaka Hakugeuka

Kijijini, Jumamosi jioni

Dada yangu mpenzi Unaisi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Suva, na kwamba zamu za hospitali hazijakumaliza mgongo. Sisi ni wazima wa mwili. Mama anauliza kama bado unakula mihogo au umeshakuwa mtu wa mkate. Moyo wangu ndio haujatulia, na tafadhali usimsomee mtu barua hii.

Jana Peceli aliamka akiumwa jino, shavu limevimba kama aliyeficha yai. Na wageni wa kupelekwa matumbaweni walikuwa wameshafika ufukweni. Mama akasema kaka nahodha yupo, mimi mwongozaji nipo, tunangoja nini tena? Unajua tulivyolelewa, dada: tangu nivunje ungo sijamwita kaka yetu jina, wala kumtazama usoni, na lolote la kumwambia hupitia kwa Peceli, ambaye kwa kuwa mtoto wa mjomba ana ruhusa ya kututania sote. Nikimtuma amwambie nahodha asogeze boti, Peceli haendi kusema tu. Husimama mbele yake, akapanua mdomo, akacheza na mikono, huku akimwambia eti bibi kizee wako wa baharini anataka usogee, nawe ukichelewa atakutafuna. Wageni huvunjika mbavu.

Basi tukaondoka bila yeye. Nilikaa omoni, mbele kabisa, kaka akakaa nyuma kwenye injini, nami nimempa mgongo. Tulipofika mahali petu pa kutia nanga nikasema na hewa, kama tunavyofanya, kwamba hapa panafaa. Akapita. Nikasema tena kwa sauti, akazidi kupita, akaenda kutia nanga mbele, jirani na mlango wa mwamba. Bibi mmoja wa Australia, mwenye kofia pana, akaniuliza kama tumegombana. Nikamwambia hapana, hiyo ni heshima, na kwamba mchungaji wetu humtaja kaka kanisani kuwa mfano wa mwanamume asiyejibizana na dada zake. Lakini rohoni nilianza kuogopa. Nilidhani nimemkosea jambo.

Majini mambo yalikwenda vizuri. Niliwaonyesha wageni samaki wanaotafuna matumbawe, nikawaambia watulie wasikie meno yao. Wote walirudi botini salama, ila pezi la mpira la yule bibi lilimvuka mguuni likachukuliwa na maji kuelekea mlango wa mwamba. Kaka akaruka kulifuata.

Hapo ndipo boti ya hoteli ilipotokea kutoka bahari kuu. Muungurumo wake ulitufikia kabla hatujaiona. Ikaingia mlangoni mbio, omo juu, na aliyeiendesha hakuweza kuona kichwa cha mtu majini. Kaka alikuwa ameipa mgongo, anaogelea taratibu. Wageni walipiga kelele. Nikapiga kelele mimi. Nikamwita Sakiusa. Nimeliita jina lake, dada, na sasa nimeliandika pia.

Hakugeuka. Mungu anisamehe, nilidhani amenisikia akaona haya kwa ajili yangu, kwamba anaona heri afe na adabu zake kuliko kuitika. Nilikata kamba ya nanga, nikawasha injini, nikaiweka boti yetu katikati na wageni wote ndani yake. Wale wa hoteli walikata kona karibu watugonge. Nahodha wao akatutukana, akauliza kama tumechoka kuishi.

Nilimvuta kaka kwa mkono. Alikuwa ameshika lile pezi, anatabasamu. Alipowaona wageni wanalia alishangaa, akawatazama mmoja mmoja. Nikaokota kopo la kuchotea maji, nikalipiga kwenye ubavu wa boti, nyuma ya kisogo chake. Kila mtu aliruka. Yeye aliendelea kukamua fulana yake.

Kaka yetu ni kiziwi, Unaisi. Nilimbana Peceli hadi akasema, machozi yakipita juu ya lile shavu. Masikio yalianza kufa tangu ule msimu wa kuzamia majongoo bahari, na kaka alimwapisha asimwambie mtu, kwa sababu akinyang'anywa boti atarudi kuzamia. Peceli akasema, "Masikio yake ni mimi, bibi kizee. Lisingekuwa hili jino, usingejua mpaka unazeeka kweli." Mikono yote ile tuliyoicheka ilikuwa kazi. Nasi ule ukimya tuliuita adabu.

Jumatatu kaka amepangiwa kuwapeleka watoto wa shule kwenye mwamba uleule. Peceli hataki kumkabili. Nikimwambia mchungaji, kijiji kizima kitajua kabla ya chakula. Kwa hiyo kesho baada ya ibada nitamwendea mwenyewe na kumwambia asishike boti. Nikisema na hewa hatasikia. Inabidi auone mdomo wangu, yaani nikae mbele yake, nimtazame usoni. Utakapoisoma barua hii nitakuwa nimeshamwambia. Nitafutie daktari wa masikio hapo kwenu, na uje mapema uwezavyo.

Mama asijue kwanza. Wasalimie shemeji na watoto, uwabusu kwa niaba yangu. Naogopa, dada. Sijui hata kaka yangu akikasirika anakuwa na sura gani.

Mdogo wako akupendaye,
Merewai