Kwa Komeo, Aliyeshinda Mara Moja

Mwaka umetimia, mdogo wangu, tangu uanguke ulingoni mbele ya macho yetu usiinuke tena. Ninayeandika ni dada yako mkubwa. Mkeo alijaribu, kalamu ikamshinda, nikaambiwa mimi ndiye mwenye mdomo.

Watu walikujua kwa jina la Komeo, yule jambazi wa kwenye tamthilia, mwenye kovu la kupakwa shavuni. Wenye maduka walikurudishia chenji bila kukutazama usoni. Laiti wangekuona nyumbani! Uliogopa kuku. Jumapili ulikuwa unawasuka wanao nywele, mistari ikienda kombo, na ole wake atakayecheka.

Kwenye tamthilia ulipigwa kila mwisho wa kipindi. Mama akiona polisi wanakaribia, anaondoka kwenda jikoni kusugua sufuria ambazo tayari ni safi. "Mwambie huyo mwandishi wenu akuache ushinde hata siku moja," alikuwa anakuambia. Ukicheka, ananuna.

Tamthilia ilipokwisha, simu zikanyamaza. Ndipo promota akaja, akitaka ile sura yako kwenye mieleka. Tulikupinga. Umri ule, na mgongo ule? Ukasema, "Dada, mieleka nayo ni maigizo. Mshindi anapangwa mapema." Kweli. Lakini kuanguka hakuigizwi, na sote tulikuona ukipanda ngazi kwa kushikilia ukuta. Ulikubali kupigwa miezi yote ile kwa sababu promota alikuahidi pambano moja la kushinda. Siku yake ilipofika, ukamkalisha Mama kiti cha mbele.

Uliruka kutoka kwenye kamba, ukatua kwa shingo. Mpinzani wako, ambaye mchana ni fundi wa magodoro, alitusimulia baada ya mazishi huku analia. Alikuinamia akijifanya anakukaba, akanong'ona, "Kaka, uko sawa?" Ukamjibu, "Mikono siisikii. Maliza. Mama anaangalia." Basi akalala chali ubavuni pako kama aliyeishiwa nguvu, akauvuta mkono wako, akauweka kifuani pake. Mwamuzi akahesabu hadi tatu, ukatangazwa mshindi. Ukumbi mzima ukalipuka. Mama akapanda juu ya kiti, akapiga kelele mpaka kilemba kikadondoka. Wewe ukabebwa juu ya meza ya kukatia tiketi, maana promota, Mungu anamwona, hakuwa na machela wala daktari. Hukufika hospitali.

Hayo ya fundi hatukumwambia Mama. Tulimwacha aamini kwamba ulishinda mwenyewe, na majirani walipomwambia mwanao kaondoka mshindi, alitikisa kichwa tu. Mwezi uliopita tulikuwa tunachambua mchele, mara akasema, "Mnanificha nini? Mkono ule niliuogesha mimi tangu akiwa mchanga. Niliona unavutwa."

Nikamuuliza, "Sasa Mama, mbona ulishangilia?"

"Ulitaka nifanyeje? Si ndicho alichokuwa anakitafuta?"

Akaendelea kuchambua. Baadaye akauliza kama ulimsikia. Nimemuuliza fundi, naye hajui. Anasema macho yako yalikuwa wazi, lakini ukumbi ulikuwa na kelele nyingi. Tangu siku hiyo Mama anauliza kila asubuhi, na kila asubuhi sina jibu. Inaniuma, mdogo wangu.

Wanaokukumbuka ni mkeo. Wanao wawili, ambao sasa nawasuka mimi na wanalalamika eti mistari imenyooka mno. Mimi dada yako. Fundi wako, anayekuja kila Jumapili na bado anaogopa kumtazama Mama. Na Mama mwenyewe. Mioyoni mwetu hutoki, leo wala kesho. Na kama kelele za ukumbi zilikuziba masikio, haya, tunakuandikia hapa alichosema Mama akiwa juu ya kile kiti: "Mwanangu huyo! Jamani, huyo ni wangu!"