Nilivyoshika Mkia Kuingia Tabora

Mke mwenzangu Rehema,

Marahaba. Huku mtaani kwetu Ng'ambo hatujambo, na babu yako, mume wetu, bado ananikanda miguu.

Unauliza kama kweli nilishika mkia kwenye ile safari ya baiskeli ya siku kadhaa, ya kuchangia wodi ya wazazi. Kweli kabisa.

Siku ya mwisho, karibu na Kigwa, nilimkuta Mwajuma kando ya njia, baiskeli yake ina pancha. Enzi zetu za riadha tulichuana miaka yote bila kusalimiana. Nikashuka, tukaziba pancha, tukaongozana tukipiga soga hadi mjini.

Tulipouona utepe wa kumalizia safari akasema, "Shoga, samahani," akakanyaga pedeli, akanipita! Nilicheka hadi nikashindwa kuendesha.

Jumapili anakuja kula kwangu. Jogoo tumeshamchagua.

Bibi yako