Mtumbwi wa Chuma wa Rubani

Izigo, Jumanne

Chakula kimenishinda. Mugisha, mjukuu wangu anayesomea ndege Urusi, alipiga simu mchana. Eti ndege ya Wasovieti ya kushambulia askari wa ardhini ilikusudiwa kuruka chini mno, kwa hiyo michoro ya kwanza ilianza na chuma cha kumkinga rubani. Anakaa humo kama ndizi kwenye mtumbwi wa kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi.

“Na wa ardhini walichorewa nini?”

“Hakuna, Bibi.”

Kisha akasema kuna watu wamempa karatasi ya jeshi la huko Urusi asaini. Si ya urubani, ni ya kutembea na bunduki.

Mjinga mkubwa huyu mtoto. Na mimi niliyejigamba Izigo nzima kwamba mjukuu wangu anasomea ndege.

Nikamwambia, “Weka kalamu chini, wewe mtoto.” Simu ikakatika kabla hajaitikia. Tangu hapo hapatikani.