Damu Imesimama

Kavimvira, 6 Mei 2024

Mama Pudentienne,

Jambo Mama, mgongo unaendeleaje? Sisi tuko salama, isipokuwa tumbo hili. Mtoto ni mdogo kwa wiki zake thelathini na tatu. Daktari Gaspard amenipima kwa ekografi ya Dopla, ile inayoonyesha damu ikipita kwenye kitovu kumpelekea mtoto pumzi. Inapita kwa kusuasua. Ikizidi, atanipasua. Mwanao Clovis yuko kazini Kalemie, anasema tukuulize kwanza. Basi nakuuliza.

Mkamwana wako, Amandine

Kamanyola, 8 Mei

Amandine binti yangu,

Barua nimeipata kwa dereva. Mgongo unauma, Mungu yupo. Mtoto hukaa miezi tisa, akatoka mwenyewe. Usikubali kisu. Acha kubeba maji, njoo nikupikie mboga za lengalenga na samaki wadogo wa ndagala. Mashine haijazaa hata mmoja, mimi nimezaa saba.

Mama yako

Kavimvira, 9 Mei

Mama,

Pole na mgongo. Chakula chako nakitamani, ila siji. Leo wamepima tena: moyo wa mtoto ukipiga, damu inasonga, ukipumzika inasimama kabisa. Nimeisikia kwenye mashine kwa masikio yangu. Nimeshadungwa sindano ya kukomaza mapafu yake, na keshokutwa napasuliwa. Karatasi nimeitia sahihi mwenyewe. Clovis akasirike huko Kalemie, nawe ukasirike hapo, siogopi.

Umezaa saba, Mama. Mbona nyumbani kwako nilikuta watano?

Mkamwana wako, Amandine

Kamanyola, 10 Mei

Amandine,

Sina salamu leo. Wawili waliacha kucheza tumboni mwezi wa nane wa mimba. Walikuwa wadogo. Wamama wa kanisa walisema nimewaua mwenyewe kwa kubeba maji, nami nimeamini miaka thelathini na moja. Muulize Gaspard.

Mama yako

Kavimvira, 15 Mei

Mama,

Umeamkaje? Ni msichana, kilo moja na gramu mia saba. Anapumua mwenyewe na ana hasira. Daktari anasema hawezi kujua kilichowapata wale wawili bila kuwapima siku zile, lakini madumu ya maji hayafanyi hivyo. Hukuwaua, Mama. Waliosema hivyo walisema uongo.

Binti yako, Amandine

Kamanyola, 17 Mei

Binti yangu,

Asante Mungu, nimelia hadi majirani wakaja. Jumapili baada ya misa nitawasimamisha wale wamama ambao bado wako hai, niwasomee barua yako. Padri akitaka ninyamaze, atasubiri nimalize. Halafu nitawataja wanangu mbele yao. Hawakupewa majina, nimewapa leo: Hyacinthe na Eugène.

Mama yako