Tangu Nitoke kwenye Mapangaboi

Jumatatu, 3 Machi

Nimepitia karakana — kosa! Ndege yangu ya mapangaboi bado ipo pembeni, imeshafutwa jina, inamsubiri mnunuzi. Nikaugusa mlango. Miaka yote ile! Ukipunguza nguvu tu, mapanga yanashika upepo, mwendo unakatika papo hapo. Hata ukichelewa kushuka, inakusamehe.

Hii jeti ndogo haisamehe. Wiki iliyopita, kwenye mtihani, nilianza kushuka kwa mazoea ya kule kwenye mapangaboi. Nikafika kiwanjani bado niko juu, na mbio kama nafukuzwa. Mtahini akachukua usukani yeye. Nikafeli. Ijumaa narudia, mara ya mwisho. Nikifeli tena, mapangaboi ya kurudia hayapo, yote yanauzwa. Urubani basi.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi na mkufunzi wetu, Kapteni Breki. Tumempa jina hilo kwa wimbo wake mmoja: hewani hakuna breki. Eti jeti ni ama ushuke, ama upunguze mwendo. Ukitaka vyote kwa pamoja inakucheka. Anza kushuka mapema kuliko roho inavyotaka. Injini nazo nzito kuitikia — omba nguvu kabla hujazihitaji. Na usukani ni wa vidole, sio wa kukaba!

Nimemwambia mikono yangu bado iko kule. Akasema hata yeye aliililia ndege yake ya zamani, tena chooni, mwanamume mzima. Nimempenda bure.

Alhamisi, 6 Machi

Mume wangu ananitania, eti nanuna kama niliyeachwa. Si uongo. Naukumbuka ule mtetemo kwenye kiti, na abiria wakinipungia dirishani. Nikamjibu nyamaza wewe, hujawahi kurusha hata tiara. Tukacheka. Halafu nikalia kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Kituo cha mbali. Abiria wameteremka, imebaki safari ya kurudi, nusu ya pili ya mtihani.

Kuja huku nilipanga kushuka mapema, safi kabisa. Waongozaji wa ndege wakasema redioni tubaki juu, kuna ndege chini yetu. Walipotuachia, kiwanja kiko puani. Mikono ikataka kulazimisha — kule ningekata nguvu na kutua bila jasho. Nikasema: tunazunguka. Nikapandisha, tukarudi upya, tukatua laini. Mhudumu ananiambia abiria mmoja aliuliza kama rubani amesahau njia!

Injini zilipozimwa, mtahini akauliza: ungelazimisha, ungeshindwa? Nikasema huenda ningetua, ila sikutaka kubahatisha. Akaitikia mh, akashuka kunyoosha miguu. Mh ya nini sasa?

Naitamani bado ndege yangu. Lakini mikono imetulia, ajabu.

Abiria wa kurudi wameshakaa. Mtahini amerudi, amefunga mkanda, amekunja mikono kifuani. Anasubiri mimi niseme twende.