Kila Nikiuliza, Naambiwa Salama

Dada mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi nisaidie hivyo hivyo, maana kichwa kimejaa na sijui nishike lipi. Mimi ni fundi cherehani, nina mtoto mchanga asiyejua kulala, na mume wangu ni fundi umeme nchi jirani, alikwenda kabla mtoto hajazaliwa na hajamshika hata siku moja, sasa tiketi ya basi ninayo, safari Jumamosi, mara redio inasema huko barabara zimefungwa na watu wanakatazwa kutoka nje, nikampigia, "Hali ikoje huko?" akasema, "Salama tu, mama watoto, nyie njooni," nikampigia wifi yangu anayeishi naye, na yeye, "Salama, tunamshukuru Mungu," simu ikakatika hapo hapo na hadi leo hapatikani. Mama mkwe ananiuliza, "Mumeo kasema salama, unamsubiri mtangazaji akupe ruhusa?" Mama yangu naye kasema nikipanda hilo basi nisimwite mama tena. Nikimsikiliza huyu naona sawa, nikimsikiliza yule naona sawa. Nguo za mtoto nimezipakia, nikazitoa, nikazipakia tena, na hapa ninapoandika sijui ziko ndani au nje. Niende au nisiende?

Mama wa Begi

*

Mama wa Begi, pole sana mdogo wangu. Pole na kwa kukosa usingizi. Mtoto wangu naye anaota meno, haya nayaandika kwa mkono mmoja.

Ila na wewe! Umemuuliza mtu hali, ulitaka ajibu nini? Sisi hata tukiwa na dripu mkononi, ukituuliza hali tunasema salama kwanza, ugonjwa unafuata baadaye. Umepokea salamu, ukaigeuza ruhusa ya kusafiri na mtoto. Mumeo hakudanganyi. Amewakumbuka, basi.

Mpigie tena. Salamu zikiisha, muulize: jana ulikwenda kazini? Duka la dawa hapo jirani limefunguliwa? Maziwa ya mtoto yanapatikana? Tukishuka stendi, utatufikiaje na barabara imefungwa? Halafu funga mdomo usikilize. Akianza "aa, hayo tutaona," jibu umeshalipata.

Mama mkwe mjibu kwa adabu, lakini mjibu: "Mama, mjukuu wako ndiye ninayemlinda." Hatakosa la kusema, mwache aseme.

Jumamosi usipande. Kesho nenda ofisi ya basi waisogeze tarehe. Wakikataa, heri ipotee tiketi kuliko kukwama njiani na mtoto analia njaa. Utakwenda barabara zikifunguliwa na wifi yako akipatikana, si kabla. Najua inauma. Lakini baba akichelewa kumshika mtoto, mtoto atamwendea kwa miguu yake mwenyewe, na siku hiyo mtalia wote kwa furaha.

Sasa lifungue hilo begi. Mtoto anataka nguo za kuvaa leo.