Kamba za viatu vya Salma

Jumamosi, Sparkhill

Leo tumerudi uwanja wa kuteleza kwenye barafu kwa mara ya kwanza tangu mwalimu wa binti yangu na wanafunzi wake wawili walipofariki kwenye ajali ya basi, wakitoka mashindanoni. Salma wangu siku hiyo nilimzuia nyumbani kwa sababu ya homa, akaninunia siku nzima. Tangu hapo simu ikilia tu, nashtuka.

Wazazi wenzangu walileta maua. Mimi nilibeba sufuria ya pilau, kama msibani kwetu Unguja. Waliila huku wanalia.

Kisha watoto wakaambiwa wateleze mzunguko mmoja, kimya. Nilipiga magoti kumfunga Salma viatu. Nilitaka kumkataza kuteleza, lakini mbele ya wazazi waliofiwa ningewezaje?

“Kaza zaidi, Mama,” akasema kwa Kiingereza chake. “Mwalimu alikuwa anakaza zaidi.”

Nikakaza. Halafu nikashindwa kuuachia mguu wake.